KAZI YA UTEPE WAKATI WA SIKUKUU: JINSI YA KUPAMBA BILA KUPATA HASARA

Ifikapo Desemba, mtu apitaye katika barabara ya Naivasha, kutoka Dagoretti Corner kwenda Riruta na Kawangware, huona kwamba rangi zimeongezeka madukani. Kando ya njia yauzwa matawi na miti michanga ya saiprasi kwa ajili ya Krismasi, na juu ya meza za wachuuzi zimetandazwa karatasi za kufungia zawadi, nyota za kung'aa, na tepe za kila namna. Vitu hivi ni vya bei ndogo kimoja kimoja, na kwa sababu hiyo watu huvinunua bila kuhesabu. Mwezi unaofuata ni Januari, ambao shule hufunguliwa, na karo, sare na vitabu vyote hutakiwa kwa mara moja. Ndipo wengi huuliza fedha zilikwenda wapi, wala hapana akumbukaye utepe.

Walakini utepe si adui wa mfuko. Katika mikono ya mtu aujuaye, mita mbili za utepe zaweza kuipa heshima zawadi ndogo, kama vile kilo ya sukari, kanga mpya au daftari za mtoto, kiasi kwamba mpokeaji hataona kuwa amepewa kidogo. Tena wako mabibi na vijana wengi huko Dagoretti na sehemu nyingine za Nairobi wanaopata riziki yao kwa kupamba magari ya harusi, kutengeneza makoja ya mahafali, na kufunga zawadi za watu wengine. Baina ya hao wapatao na hao wapotezao, tofauti si kipaji. Mara nyingi ni kujua tu kitu kilichonunuliwa ni cha namna gani, na kupima kabla ya kushika mkasi.

Neno lenyewe lina maana zaidi ya moja. Askari akisema “tepe” huenda anazungumza juu ya zile za begani, mbili za koplo na tatu za sajini, na fundi wa nguo huenda anataka utepe wa kupimia. Vijana wa mjini husema “riboni”, na mwenye duka huelewa upesi. Hapa maneno yote ni juu ya ule wa kupambia.

UTEPE WAFUMWAJE

Utepe wa kweli si kitambaa kilichokatwa vipande vyembamba. Hufumwa ukiwa mwembamba tangu mwanzo, na mshindio, yaani uzi upitao kwa upana, hurudi nyuma kila ufikapo ukingoni. Kwa hiyo kingo zote mbili zimefungwa, nazo hazifumuki. Katika karne ya 18 na ya 19, miji ya Saint-Étienne katika Ufaransa, Basel katika Uswisi na Coventry katika Uingereza ilisifika kwa kazi hiyo, na mtambo mmoja uliweza kufuma tepe nyingi bega kwa bega. Uzi ulikuwa wa hariri, na bei ilikuwa ya wenye mali. Mwaka 1860 Uingereza na Ufaransa zilipatana juu ya mambo ya biashara, na ushuru uliokuwa ukizilinda tepe za Kiingereza dhidi ya zile za Ufaransa ukaondolewa. Wafumaji wa Coventry hawakuweza kushindana. Maelfu wakakosa kazi, na wengine wakahama mji wao, hata kufika Marekani. Habari hiyo ni ya zamani na ya mbali, lakini kila afanyaye biashara ya mapambo yafaa aijue, maana kitu cha urembo ndicho cha kwanza kuachwa bei inapogeuka.

Siku hizi sehemu kubwa ya tepe zinazouzwa Nairobi hutoka China, nazo ni za poliesta au za nailoni, si za hariri. Watu huziita satini, na hapo ndipo kosa moja huzaliwa. Satini ni namna ya ufumaji, si jina la uzi. Nyuzi za mtande huruka juu ya nyuzi kadhaa za mshindio kabla ya kuingia chini, na kwa hiyo uso wa utepe huwa laini na wenye kung'aa. Basi mnunuzi akiambiwa “hii ni satini”, bado hajaambiwa kama ni hariri, au pamba, au poliesta. Ziko pia tepe za mahameli, tepe nyembamba zipenyazo nuru kama chandarua, tepe nene zenye matuta madogo ya kukatiza, na zile za plastiki zisizofumwa kabisa.

Fauka ya hayo ziko tepe za rahisi ambazo kwa hakika ni kitambaa kipana kilichokatwa kwa kisu cha moto. Hizi hazina kosa lolote kwa kufungia zawadi itakayofunguliwa kesho. Zikishonwa katika gauni la mtoto na kufuliwa mara tatu au nne, ukingo huanza kutoa nyuzi, na bibi aliyezishona hulaumiwa bure. Kuzitambua si kazi ngumu. Ukingo wa utepe huo hutazamwa kwenye mwanga, kisha hukwaruzwa kwa ukucha. Ukitoa nyuzi pale pale dukani, utatoa zaidi nyumbani.

Iko na njia nyingine ya kujua uzi wa utepe, nayo ni moto. Kipande kidogo kama ukucha hushikwa kwa koleo juu ya sahani ya bati na kuguswa na kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, na kuacha majivu laini. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake huvunjika yakisuguliwa. Poliesta hunywea, ikayeyuka na kutoa moshi mweusi, kisha ikabaki punje ngumu. Jambo hili si mchezo wa kupendeza watoto. Atakaye kujua lazima alifanye nje ya nyumba, kwa kipande kidogo, mbali na karatasi na mafuta.

KUNUNUA NA KUPIMA

Wakazi wa Dagoretti wanaohitaji tepe chache huzipata karibu, katika maduka na masoko ya Kawangware na Riruta. Wanaohitaji nyingi huenda mjini. Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street, ina maduka ya miaka mingi ya vitambaa na vifaa vya kushonea, na River Road na Kamukunji hupendwa na wanunuao kwa jumla. Nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ni sehemu ya bei ya utepe, ijapokuwa wengi hawaihesabu. Atakaye roli moja tu huenda asipate faida yoyote kwa safari hiyo. Tena katika Soko la Toi, karibu na Adams Arcade, mwenye jicho zuri hupata magauni ya mitumba yenye tepe bora za mahameli kiunoni au mikononi, ambazo zaweza kufumuliwa taratibu, kufuliwa, kupigwa pasi isiyo moto sana juu ya kitambaa, na kutumiwa upya.

Utepe huuzwa kwa mita au kwa roli nzima. Roli za satini aghalabu zina yadi 25, ambazo ni mita 22 na sentimita 86. Yampasa mnunuzi asome maandishi yaliyo kwenye roli, wala asiamini macho. Ule moyo wa karatasi uliomo ndani ukiwa mpana, utepe mchache huonekana kuwa mwingi.

Ama kuhusu kupima, kanuni ni moja, na ikishikwa haisahauliki. Sanduku likifungwa kwa njia ya msalaba, utepe huzunguka mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Basi hutakiwa urefu mara mbili, upana mara mbili, na kimo mara nne. Mathalani sanduku lenye urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 10 litahitaji 60, na 40, na 40 tena, jumla sentimita 140. Fundo la kipepeo la ukubwa wa kadiri pamoja na mikia yake litahitaji sentimita 80 nyingine. Kwa hiyo sanduku moja hula mita 2 na sentimita 20, na roli moja ya yadi 25 hutosha masanduku 10, na kubaki kipande kisichofika mita moja.

Sasa na atazamwe bibi wa Waithaka aliyechukua kazi ya kufunga masanduku 40 ya zawadi za arusi. Akipima kama ilivyoelezwa, atanunua roli 4. Akikata kwa kukisia, akazidisha sentimita 30 tu kwa kila sanduku, roli moja itamtosha masanduku 9, na kwa masanduku 40 hapana budi anunue roli ya tano. Sentimita 30 ni urefu wa rula ya mtoto wa shule. Kwa macho si kitu, lakini bei ya roli hiyo ya tano hutoka katika ujira wake mwenyewe, maana bei alikwisha kupatana na wenye arusi.

Kamba ya kupimia ndiyo dawa. Hukatwa uzi wa katani wenye urefu unaotakiwa, ukajaribiwa juu ya sanduku moja, na tepe zote zikakatwa kwa kuufuata uzi huo.

FUNDO NA UA

Watu wengi hufunga fundo la kipepeo vizuri mara moja, na mara ya pili likawa limepinda, wasijue sababu. Sababu ni hii. Fundo la kwanza likifungwa kwa kupitisha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, la pili lenye vitanzi lazima lipite kushoto juu ya kulia. Likirudiwa kwa upande ule ule wa kwanza, fundo zima hujizungusha, na masikio yake mawili husimama juu na chini badala ya kulala kulia na kushoto. Halitengenezeki kwa kuvutavuta. Lafaa kufunguliwa na kufungwa tena kwa upande wa pili. Atakaye fundo kubwa la mlangoni au la gari hafungi hata kidogo. Hukunja vitanzi kadhaa vya urefu sawa, akavibana katikati kwa waya mwembamba, kisha akaufunika waya kwa kipande kifupi cha utepe, na kuvifungua vitanzi kimoja kimoja kwa vidole.

Ncha za utepe wa poliesta huzuiwa zisifumuke kwa kupitishwa upesi kando ya mwali wa mshumaa, si ndani yake. Joto huyeyusha nyuzi za mwisho na kuzishikamanisha. Utepe wa pamba hauyeyuki, na kuusogeza motoni ni kuuchoma tu. Huo hukatwa kwa mshazari, au mfano wa mkia wa mbayuwayu, na ncha hupakwa gundi kidogo au rangi ya kucha isiyo na rangi.

Utepe mwembamba wa plastiki hufanywa misokoto kwa kuvutwa juu ya makali ya mkasi huku kidole gumba kikiukandamiza. Upande wa nje huvutika na kubaki mrefu kidogo kuliko ule wa ndani, kwa hiyo utepe hujikunja kuelekea upande mfupi. Vijana hupenda kuuvuta kwa nguvu na haraka, nao hukosa. Avutaye polepole ndiye apataye misokoto ya kubana.

Ua la waridi lapendwa kuliko mapambo yote, na watu hudhani ni kazi ya mashine. Huchukuliwa utepe wa inchi moja, wenye urefu wa mita moja hivi, ukakunjwa katikati hata pande mbili zikakutana kama pembe ya kitabu. Upande wa chini hukunjwa ukapita juu ya ule wa pili, kisha ule uliokuwa wa pili ukapita juu yake, zamu kwa zamu, mpaka utepe wote umekuwa rundo dogo la mraba. Ncha mbili za mwisho hushikwa pamoja, rundo likaachiliwa lifunguke kama kinanda cha mkono, kisha ncha moja huvutwa taratibu. Rundo hunywea katikati, na petali hujitokeza zenyewe. Hapo lazima kukoma, maana mvuto mmoja ukizidi ua lote hutoweka na utepe hurudi kuwa utepe. Ua likipendeza hushonwa chini kwa sindano mara mbili tatu. Mtu asikate tamaa kwa maua matano ya kwanza.

KATIKA NYUMBA

Sebule nyingi za Kenya, za mjini na za mashambani, huwa na vitambaa vilivyofumwa kwa sindano ya kulabu, vikatandikwa juu ya migongo ya viti, mikono ya makochi, na meza ya katikati. Mgeni aingiapo huvitazama kabla ya kutazama kitu kingine, na bibi wa nyumba anajua hivyo. Kazi hiyo hupatana na utepe kuliko kazi nyingine yoyote. Bibi afumaye huacha mstari mmoja wa matundu karibu na ukingo, naye hupitisha humo utepe mwembamba, kwa kuufunga kwenye pini ya usalama na kuisukuma ndani na nje ya matundu. Rangi moja ya utepe katika vitambaa vyote huifanya sebule ionekane imepangwa, hata kama viti vyenyewe vilinunuliwa kwa miaka mbalimbali.

Liko jambo moja hapa ambalo limewakasirisha wengi. Kitambaa kipya cha uzi wa pamba kikifuliwa mara ya kwanza hunywea, bali utepe wa poliesta haunywei. Matokeo yake utepe hubaki mrefu kuliko kitambaa, ukajikunja na kufanya mawimbi, na kazi ya wiki nyingi ikaonekana mbovu. Basi kitambaa kifuliwe na kukaushwa kwanza, ndipo utepe upitishwe. Utepe ukatwe kuzidi mzingo wa kitambaa kwa sehemu ya kumi hivi, wala usivutwe. Tena utepe mwekundu au wa buluu iliyokoza hujaribiwa kwa kitambaa cheupe chenye maji; ukiacha doa, rangi yake haijashika, wala haufai kukaa karibu na uzi mweupe.

Mapazia nayo hukusanywa kando kwa utepe mpana. Utepe wa matuta hushika vizuri kuliko satini, ambayo huteleza na kufunguka usiku.

Si lazima utepe utoke dukani. Mabaki ya kitenge yaliyo chini ya cherehani ya fundi, ambayo mara nyingi hutupwa, hufanya tepe ambazo hazionekani katika zawadi ya mtu mwingine yeyote. Siri ni kukata kwa mshazari, kutoka pembe hata pembe, si kufuata mstari wa uzi. Kitambaa kilichokatwa hivyo hufumuka kidogo sana, na tena huvutika kidogo na kukaa vizuri kwenye fundo. Katani nayo, ile ile isokotwayo kwa kazi ya viondo, ikifungwa juu ya karatasi ya kaki pamoja na kijiti cha saiprasi, ina uzuri wa utulivu ambao plastiki inayong'aa haiupati. Wako watakaosema kwamba hiyo ni zawadi ya kimaskini. Hao na waangalie maduka ya fahari ya mjini, ambako karatasi ya kaki na kamba ya katani huuzwa kwa bei ya juu.

ALAMA ZISIZOFAA KUCHANGANYWA

Utepe husema neno kabla ya mtu kusema. Gari lenye tepe nyeupe au za rangi ya maua huonyesha arusi. Msafara wa mazishi nao hufunga utepe magarini, mara nyingi mwekundu, ili madereva wengine waupishe, na waombolezaji hubandika kipande kifuani. Dada wa Kihindu humfunga nduguye rakhi mkononi katika siku yake ya mwaka. Utepe mwekundu uliokunjwa kitanzi kimoja na kupachikwa kifuani ni alama ya Ukimwi. Ulibuniwa na wasanii wa New York mwaka 1991, na Wakenya wengi waliufahamu katika miaka ambayo ugonjwa huo ulikuwa umetangazwa kuwa janga la taifa, yaani tangu Novemba 1999. Siku ya Ukimwi Duniani ni tarehe 1 Desemba, wakati ule ule ambao mapambo mekundu ya Krismasi yanaanza kuuzwa. Basi apambaye kanisa au duka afadhali asikunje tepe zake kwa mfano huo, ila kama amekusudia kukumbusha jambo lenyewe. Desemba 12 ni Siku ya Jamhuri, na rangi za bendera, nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, hupendeza zikiwekwa kwa utaratibu wake.

Gari dogo la arusi huhitaji kama mita 4 za utepe mpana kwa zile pande mbili zitokazo mbele ya gari hadi milangoni, na mita 2 za fundo. Ncha hubanwa ndani ya milango na boneti, si kubandikwa kwa gundi juu ya rangi. Utepe usifunike namba ya gari, wala taa, wala kioo cha dereva. Mapambo mengine ya arusi yamezidi kiasi hata dereva hutazama njia kupitia tundu, na huo si urembo, ni fujo yenye hatari.

Hatari kubwa zaidi imo nyumbani. Katika nyumba za mbao na mabati zilizosongamana, kama zile za sehemu nyingi za Kawangware, moto ukishika chumba kimoja haungoji. Satini na karatasi ya zawadi ni chakula chepesi cha moto, na poliesta ikiyeyuka hudondoka ikiwa inawaka na kushikamana na ngozi. Umeme ukikatika usiku wa sikukuu, mshumaa huwekwa juu ya meza ile ile iliyopambwa. Lafaa liamuliwe mapema: palipo na utepe pasiwepo mshumaa wala koroboi, na taa ndogo za betri zitumike badala yake. Kitandani mwa mtoto mchanga pasifungwe utepe mrefu hata kidogo, maana mtoto hujiviringisha, na utepe ukimzunguka shingoni hauvunjiki kama uzi.

KAZI YA KUUZA

Mwenye kutaka kuuza kazi hii asingoje Desemba pekee. Tarehe 14 Februari maua ya waridi hufungwa kwa maelfu, na wauza maua wa Soko la Jiji, katika Muindi Mbingu Street, hutumia tepe mwaka mzima. Siku za mahafali za Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine huleta jamaa wanaotafuta makoja ya kumvika mhitimu wao shingoni. Waislamu hupeana zawadi katika Idi. Watu wa arusi na wa ruracio hawana msimu. Bei ya kazi iwe na utepe, karatasi, nauli, vipande vilivyoharibika, na saa za mikono. Wengi huhesabu vile viwili vya kwanza tu, wakafurahi kuona fedha, na baada ya mwezi wakakosa za kununulia roli nyingine. Malipo ya awali yatoshe kununua vifaa vyote. Rangi iandikwe katika daftari pamoja na kipande cha utepe wenyewe kilichobandikwa, maana neno “zambarau” lina maana mbalimbali kwa bibi arusi na kwa mama yake.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na tangu hapo mifuko ya karatasi na ya kitambaa ikapata kazi kubwa zaidi katika zawadi. Mfuko wa kaki usio na maandishi, ukitobolewa matundu mawili juu na kupitishwa utepe, hutosha kabisa. Marufuku hiyo haikugusa tepe, bali utepe wa plastiki hauozi kama usivyooza mfuko. Unaoachwa mitini baada ya arusi ya bustanini huchukuliwa na mvua hadi mitaroni, na kutoka mitaroni hadi Mto Nairobi, ule utokao kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu na kupita Dagoretti kabla ya kuufikia mji.

Kwa hiyo mapambo yakusanywe kabla ya kuchakaa. Sikukuu ikiisha, mafundo hufunguliwa, hayakatwi. Utepe wa satini hupigwa pasi ya joto dogo upande usiong'aa, ukaviringwa juu ya bomba la karatasi na kushikwa kwa kipande cha uzi. Pini haifai, kwa kuwa hushika kutu na kuacha doa la kahawia kabla ya Krismasi nyingine. Tepe nyekundu na za kijani huwekwa mbali na nyeupe, mahali pakavu, kwa maana msimu wa mvua wa Aprili huingiza unyevu hata ndani ya sanduku lililofungwa.